Msiniulize kwanza alikuwa na mita ngapi

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi kwenye Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya mwishoni.)

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye siku hii: itifaki imezingatiwa, tuketi. Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya mamba wakubwa waliotoweka. Kila ninapogusa habari hii, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lilelile: "Mwalimu, alikuwa na mita ngapi?" Sawa. Tulimalize hilo mapema, kwa sababu nisipolijibu mtakuwa mmekaa hapa kimwili tu.

Tuanze na walio hai. Dume la mamba wa Nile, huyu wetu wa Rufiji, Ruvu na Ziwa Rukwa, akikomaa vizuri hufika mita 4 au 5. Wanaozidi hapo ni wachache. Mamba mkubwa kuliko wote aliyewahi kuwekwa kizuizini na kupimwa kwa futi kamba ni Lolong, mamba wa maji chumvi aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011. Alikuwa na mita 6.17. Yule Gustave wa Burundi mnayemsimulia kwenye simu zenu, wa Mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika, hakuna aliyewahi kumwekea futi kamba. Amekadiriwa kwa macho, na macho ya mtu aliyetoka kumwona mamba huongeza mita zake mwenyewe. (Kicheko.)

Sasa wa kale. Kwenye bonde la Ziwa Turkana, Kenya, kati ya miaka milioni 4 na milioni 2 iliyopita, aliishi mamba ambaye mwaka 2012 wanasayansi Christopher Brochu na Glenn Storrs walimpa jina Crocodylus thorbjarnarsoni. Jina hilo lilimuenzi John Thorbjarnarson, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuwahifadhi mamba na akafariki kwa malaria mwaka 2010. Huyu wa Turkana alikadiriwa kupita mita 7. Wale mliokuja na Coaster asubuhi hii, mkitoka nje litazameni lile gari kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma. Ni huyo. Halafu mkumbuke kwamba mifupa yake haikuchimbwa jana. Brochu aliikuta imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Nairobi, na fuvu moja lilihitaji wanaume wanne kulinyanyua. Kwa miaka mingi visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya mamba wa namna hiyo vilikuwa vikitiwa kwenye mafungu yaliyokwisha kuwepo: huyu ni mamba wa Nile, yule ni wa spishi ya zamani iliyopatikana Misri, basi, kabati linafungwa. Nataka mliweke hilo kichwani. Mnyama mkubwa hivyo alikaa ndani ya stoo, mbele ya macho ya watu wenye shahada zao, na hakuonekana kuwa ni mgeni.

Mkitaka wakubwa zaidi, wapo. Kule Niger, kwenye jangwa la Ténéré, palikuwa na Sarcosuchus imperator, takribani miaka milioni 112 iliyopita, wakati jangwa hilo lilikuwa nchi ya mito. Marekani palikuwa na Deinosuchus, aliyeishi zama moja na dinosaria na akawala baadhi yao. Amazonia palikuwa na Purussaurus. Hao ndio wanaopigwa picha za kutisha mnazotumiana. Sarcosuchus, kwa kweli, si mamba kamili kwa ukoo. Ni wa tawi la kando lililotengana na mamba hawa kabla hawajawa mamba. Lakini umbo ni lile lile, na domo lake lilikuwa refu kupita kiasi, na ncha yake imevimba kama aliyepigwa ngumi.

Nawapa mfano wa Sarcosuchus kwa sababu moja tu. Mwaka 2001 Paul Sereno na wenzake walitangaza kwamba alikuwa na mita 11 au 12 na uzito wa tani 8. Dunia nzima ikaandika. Mwaka 2019 watafiti wengine wakarudia hesabu kwa njia nyingine, wakapata mita 9 na kitu, na uzito karibu nusu ya ule wa kwanza. Mnyama hajabadilika. Mifupa ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ikoje? Ni nadra sana kumpata mamba wa kale mzima, kichwa hadi mkia. Unapata fuvu, tena mara nyingi kipande. Kwa mamba wengi wa leo wakubwa, ukichukua urefu wa fuvu ukazidisha kwa 7 na ushee, unakaribia urefu wa mwili. Kwa hiyo mtu anapima fuvu, anazidisha, anaandika jibu. Tatizo ni kwamba mamba hawana domo la aina moja. Mwenye domo refu jembamba, ukizidisha hivyo, unampa mwili ambao hakuwahi kuwa nao. Ndiyo maana siku hizi wengi wanapendelea kupima upana wa kichwa kwa nyuma, pale panapobeba misuli, kwa sababu upana huo hauongopi sana. Lakini hata hivyo, mkikutana na habari inayosema mamba fulani wa kale alikuwa na mita 12.3, hiyo nukta tatu puuzeni.

Mita zimeisha. Sasa nianze nilichokuja kusema.

Mamba ninayemtaka mimi ni wa kwetu, wa Oldupai, pale Ngorongoro. Alitangazwa mwaka 2010. Walioandika ni wanne: Brochu yuleyule, Jackson Njau ambaye ni Mtanzania mwenzetu, Robert Blumenschine na Llewellyn Densmore. Walimpa jina Crocodylus anthropophagus, yaani mamba mla watu. Umri wa mabaki yake ni takribani miaka milioni 1.84. Alikuwa na domo nene la kina kirefu, na pembe mbili za nyuma ya fuvu, juu ya masikio, zimeinuka kama vipembe vya pembetatu. Mamba wa leo akitazama kando unamwona kichwa bapa. Huyu angeonekana amevaa taji. Kwa ukoo anasimama karibu na yule mkubwa wa Turkana, ambaye naye alikuwa na vipembe.

Lakini mimi nasema hivi: hata kama asingekuwa na pembe, hata kama angekuwa na mita 3, bado huyu angekuwa mamba wa maana kuliko hao wote wa kutisha. Kwa sababu yeye ameacha saini. Na mtu aliyetufundisha kuisoma saini hiyo alianza na mamba wa kawaida kabisa na mifupa ya kawaida kabisa.

Nawaeleza kwa taratibu kidogo, hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1959 Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Oldupai. Hilo mnalijua, lipo kwenye vitabu vyenu, na fuvu lenyewe linahifadhiwa na makumbusho haya haya mliyomo. Mwaka uliofuata, 1960, hapo hapo jirani ukapatikana unyayo: mifupa 12 ya mguu wa kushoto wa kiumbe mdogo wa jamii yetu, iliyopewa namba OH 8. Vidole havipo. Kisigino kwa nyuma hakipo. Ikapatikana pia mifupa miwili ya mguu chini ya goti, ikaitwa OH 35. Mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake wakatangaza spishi mpya, Homo habilis, mtu mwenye ustadi wa mikono, na unyayo huo ukawa sehemu ya ushahidi. Watu wakaupima, wakabishana: alitembea kama sisi, au alitembea nusunusu? Miaka ikapita. Ubishi wote ulikuwa juu ya namna mguu huo ulivyotembea. Wachache waliuliza mwenyewe yuko wapi. Mguu upo, mtu hayupo. Mwaka 1990 liliulizwa hadharani kwenye maandishi: je, huyu hakuliwa na mamba? Lakini swali bila kipimo linabaki kuwa swali.

Kipimo kilikuja na Njau na Blumenschine. Walichofanya unaweza kumweleza mtoto wa darasa la tano. Waliwapa mamba wa kufugwa mizoga ya wanyama, wakaacha wale, kisha wakaokota mifupa iliyobaki, wakaisafisha, wakaitazama moja moja. Hakuna mtambo wa ajabu hapo. Ni nyama, mamba, subira, na mtu aliyekubali kuinama juu ya mfupa unaonuka. Matokeo waliyachapisha mwaka 2006.

Hebu tazameni jino la mamba kwa karibu. Ni pia, limechongoka, lakini si pia laini tupu. Mbele lina ukingo mwembamba, na nyuma lina ukingo mwingine, umeshuka toka ncha hadi shina la jino. Jino jipya likiuma mfupa linaacha kishimo kidogo, na katikati ya kishimo hicho unapita mstari uliochanjwa na ule ukingo. Kishimo kimekatwa katikati. Jino la simba haliachi hivyo, wala la fisi, wala la chui. Ukiona kishimo chenye mstari, mwenye mali ni mamba.

Lipo na jambo la pili. Mamba hatafuni. Taya zake zimeumbwa kufunga, tena kufunga kwa nguvu ambazo hakuna mnyama hai aliyepimwa akazifikia: mwaka 2012 Gregory Erickson na wenzake walipata zaidi ya newtoni 16,000 kwa mamba wa maji chumvi. Misuli ya kufungua ni dhaifu mno, kipande cha utepe kinatosha kumzuia asifungue. Kwa hiyo akishika, hasagi kushoto na kulia kama ng'ombe. Anashika, anatikisa, anajizungusha mwili mzima ndani ya maji mpaka kiungo king'oke, kisha anainua kichwa na kumeza. Sasa tazama anachoacha. Fisi huacha mfupa uliotafunwa ncha zote mbili, uliovunjwa kutafutwa uboho. Mamba huacha mfupa mzima, ncha zake zipo, lakini umejaa alama za meno kama ubao uliochezewa na misumari. Alama nyingi, uharibifu mdogo. Mpishi mbaya lakini karani mzuri. (Kicheko.)

Na kile anachomeza? Tindikali ya tumbo la mamba inayeyusha mfupa. Kwa hiyo karibu chochote kilichoingia tumboni kimekwenda, hakitakuwa kisukuku. Tunachokipata ni kilichomponyoka. Mkilielewa hili mtaona kwa nini unyayo mmoja na mguu mmoja pale Oldupai si jambo dogo. Ile mifupa si orodha ya walioliwa. Ni makombo yaliyodondoka mezani.

Basi walipoichukua OH 8 na OH 35 wakaitazama kwa jicho lile lile, vishimo vyenye mstari vikawepo. Kwenye unyayo, karibu na kifundo. Kwenye mfupa wa mguu. Mifupa ambayo wanasayansi wakubwa wa dunia walikuwa wameishika mikononi kwa zaidi ya miaka 40. Nadhani hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote katika habari nzima, na nina haki ya kufurahi.

Sasa jina. Mla watu. Mimi jina hilo nalikubali nusu. Ushahidi unatuambia meno ya mamba yaliuma mguu huo. Hautuambii kama mwenye mguu alikuwa hai akichota maji, au alikuwa amekwisha kufa kwa homa na maji yakamchukua. Mamba anakula mzoga bila aibu. Na alama ya jino peke yake haiandiki jina la spishi. Aliyeuma anaweza kuwa ndiye huyu mwenye vipembe, kwa sababu ndiye mamba aliyepatikana mahali hapo kwa wakati huo, lakini hakuna aliyekuwepo. Wenyewe waandishi walilisema hilo waziwazi. Magazeti ndiyo yaliyolisahau.

Niwape na ugomvi mmoja, maana sayansi bila ugomvi inalaza watu. Mwaka 2010, mwaka uleule wa mamba wetu, kundi lingine la watafiti lilitangaza kutoka Dikika, Ethiopia, mifupa miwili ya wanyama yenye umri wa karibu miaka milioni 3.4, yenye mikato. Walisema: hii ni mikato ya visu vya mawe. Kama ni kweli, basi viumbe wa jamii ya Lucy, yule wa kale wa ukoo wa binadamu aliyepatikana Ethiopia, walikuwa wakichinja nyama mapema kuliko tulivyodhani, kabla ya zana zozote za mawe zilizojulikana wakati huo. Habari nzito sana. Wengine wakapinga: hapo pana mchanga na kokoto, mifupa imekanyagwa na wanyama ikachubuka. Halafu mwaka 2017 Yohannes Sahle, Muethiopia, akiwa na Sireen El Zaatari na Tim White, akaleta hoja ya tatu. Walilinganisha alama zenye utata na za meno ya mamba, wakaonyesha kwamba jino la mamba likiburuzwa juu ya mfupa linaweza kuacha mchirizi ambao hata mtaalamu akiapa ni kisu cha jiwe, ataapa uongo.

Mmeona kilichotokea? Mamba ametoka kuwa mnyama wa pembeni kwenye simulizi ya binadamu, amekuwa mtu ambaye lazima uhakikishe hayupo kabla hujasema chochote. Unataka kudai babu zetu walianza kula nyama lini? Kwanza niambie mamba alikuwa wapi siku hiyo. Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo kuhusu hawa mamba wakubwa, kwa sababu ukiwaacha wabaki kwenye mabango ya kutisha, unakosa kazi yao.

Turudi Oldupai. Wengi wenu mmeiona kwenye picha: korongo kavu, vumbi, miiba, jua. Miaka milioni 1.84 iliyopita pale palikuwa na ziwa. Maji yake yalikuwa ya magadi na chumvi, hayanyweki sawasawa, ila upande wa mashariki palikuwa na chemchemi za maji baridi, na matete, na miti. Majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro yalishuka mara kwa mara yakafunika kila kitu, ndiyo maana leo tunaweza kupima umri wa tabaka. Wanyama wote walikwenda kwenye chemchemi, na mnyama mdogo mwenye miguu miwili naye alikwenda. Homo habilis alikuwa mfupi. Wengi wao walikuwa na mita moja na ushee tu, kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Hana mkuki. Hana ndoo ya kutumbukiza kwa mbali kwa kamba. Akitaka maji anainama, na anapoinama uso wake unafika pale pale ambapo mamba hungojea.

Mnajua mamba anavyongojea. Walioko karibu na Mto Grumeti wanawaona kila mwaka nyumbu wanapovuka. Hana haraka. Anaweza kukaa majini, pua na macho tu juu, mpaka ukadhani ni gogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna aliyeielewa methali hiyo kuliko mamba.

Sasa jiulize kama wewe ndiye uliyekuwa mfupi hivyo. Utakula wapi? Utakaa wapi kugonga mawe yako na kukata nyama? Utalala wapi? Chakula kizuri kipo karibu na maji, mizoga ipo karibu na maji, kivuli kipo karibu na maji, na kifo kipo hapo hapo. Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyekuwa na akili timamu hakukaa mtoni. Alifika, akachukua, akaondoka. Wanaakiolojia wanapochora ramani ya zana za mawe Oldupai, wanajiuliza kwa nini zimejaa mahali fulani na mahali pengine pazuri hazipo. Zamani jibu lilikuwa simba na fisi peke yao. Njau na wenzake wameongeza jina la mamba kwenye orodha hiyo, na mimi naona ni jina lililochelewa.

Wala msidhani ni habari ya kale tu. Maji mengi mnayooga hapa mjini, wa Kimara, wa Sinza, wa Kibamba, yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu ina mamba mpaka leo. Sisi tumewekewa bomba katikati, ndiyo maana tunamzungumza mamba kwa kicheko. Kando ya Ziwa Victoria vipo vijiji ambako vimejengwa vizimba ndani ya maji ili akina mama na watoto wachote bila kuburuzwa. Ukiwaeleza watu wa huko habari za OH 8 hawatashangaa hata kidogo. Watakuuliza tu alikuwa mtoto wa nani.

Muda wangu naona mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali.

(Mwanafunzi wa kidato cha pili aliuliza kama mamba wa Oldupai ndiye babu wa mamba wa Rufiji.)

Hapana, na jibu lenyewe ni tamu kuliko ndiyo. Yule mwenye vipembe ni tawi lililokatika. Mamba wa Nile ana ukoo wake. Mwaka 2011 Evon Hekkala na wenzake walichapisha matokeo ya vinasaba, wakaonyesha kwamba tuliyemwita mamba wa Nile Afrika nzima kumbe ni spishi mbili. Wa Afrika Magharibi ni Crocodylus suchus, wa huku kwetu ndiye niloticus. Na huyu wetu ana undugu wa karibu zaidi na mamba wa Cuba, Mexico na Mto Orinoco kuliko na huyo wa Afrika Magharibi. Yaani mababu zao walivuka Atlantiki. Libya amepatikana mamba wa kale, Crocodylus checchiai, wa karibu miaka milioni 7, na mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa fuvu lake lina nundu ya katikati ya domo kama ya mamba wa Amerika. Mamba wa maji chumvi huvumilia bahari vizuri, kwa hiyo safari hiyo si hadithi.

(Mzazi mmoja aliuliza kwa nini mamba wote wa kale walikuwa wakubwa, na wa leo wamedumaa.)

Mama, hawakuwa wote wakubwa. Wakubwa ndio wanaopigiwa picha. Hapa hapa Tanzania, kwenye bonde la Rukwa, alipatikana mmoja wa miaka kama milioni 105, Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010 kwenye jarida la Nature. Ukubwa wake ni wa paka, na meno yake ya nyuma ni ya kutafuna, yanakutana juu na chini kama magego yetu. Mamba anayetafuna! Na jina la pili linamkumbuka marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bonde hilo hilo la Rukwa limetoa pia Rukwasuchus yajabalijekundu, mwaka 2014, naye mdogo. Ungeniambia nichague mamba mmoja wa kuwekwa kwenye noti ya Tanzania, ningemchagua huyo Pakasuchus, mkubwa wa Oldupai anisamehe.

Tena kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 2022 Brochu na wenzake walitangaza Kinyang, wa Kenya, wa kati ya miaka milioni 15 na 18. Huyo ni jamaa wa mamba kibete wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye leo hafiki hata mita 2. Kinyang alikaribia mita 4. Kwa hiyo kwenye ukoo mmoja unakuta mkubwa na kibete, inategemea msitu, mto na chakula.

(Mwanafunzi kutoka shule moja ya Temeke alisema babu yake yuko Lindi, na shambani kwake kuna mawe yenye umbo la mifupa. Aliuliza afanye nini.)

Kwanza hongera, maana Lindi ndiko Tendaguru ilipo, na kutoka huko Wajerumani walibeba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, na mmoja aliyeungwa kwa mifupa hiyo yuko huko mpaka leo amesimama. Kwa hiyo usicheke mawe ya babu.

Usichimbe. Usiyaoshe, usiyapake kitu, usiyagonge kuona kama yana uboho ndani. Kisukuku kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani, kinapoteza umri wake, na huo umri ndio nusu ya thamani. Mwambie babu apige picha akiwa ameweka kitu cha kujulikana ukubwa pembeni, kalamu au rula, na picha nyingine ya mbali inayoonyesha shamba. Mkaripoti serikali ya kijiji, halafu picha hizo zifike Idara ya Mambo ya Kale au hapa makumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964 na inakataza kuchimba bila kibali, hata kama shamba ni la kwako. Na kama kwenye mfupa wowote utaona kishimo kidogo chenye mstari katikati, usimwonyeshe mtu wa kununua. Niletee picha mimi, namba yangu mwalimu wako anayo.